Mpira Uliojificha Mzizini

Ndege ya mizigo inapokaribia kutua katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Eldoret, pale Kapseret katika kaunti ya Uasin Gishu, magurudumu yake huwa yamening'inia hewani bila kuzunguka. Yakigusa lami, hulazimika mara moja kuzunguka kwa kasi inayozidi kilomita 250 kwa saa, huku yakibeba mzigo wa tani nyingi. Moshi mweupe unaoruka nyuma yake ni mpira unaoungua. Kapseret huyatesa matairi hayo kuliko viwanja vya pwani. Uwanja uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na ndege ile ile yenye uzito ule ule hufika ardhini hapa ikiwa na kasi kubwa kuliko kama ingetua Mombasa. Ndiyo maana njia ya kurukia na kutua iliyojengwa hapa miaka ya 1990 ina urefu wa takribani kilomita tatu na nusu.

Tairi la kuhimili mateso hayo hutengenezwa karibu lote kwa mpira wa asili, yaani mpira unaotokana na utomvu wa mmea. Mpira unaotengenezwa viwandani kutokana na mafuta ya petroli una kazi zake nyingi, lakini bado haujaweza kuchukua nafasi hiyo. Mpira wa asili ukivutwa kwa nguvu, nyuzi zake ndogo hujipanga na kushikana, ukazidi kuwa mgumu pale pale unapotaka kuchanika. Tena haupati joto upesi unapokunjwa na kukunjuliwa mara maelfu. Kwa sababu hiyo tairi la lori huwa na mpira wa asili mwingi kuliko la gari dogo, na la ndege huwa nao mwingi kuliko yote.

Karibu mpira wote huo hutoka kwa mti mmoja tu, Hevea brasiliensis, wenye asili yake katika misitu ya Amazoni. Mti huu hautaki baridi. Unataka joto la nyuzi 25 na zaidi mwaka mzima, mvua nyingi, na tambarare za chini karibu na ikweta. Kapseret iko karibu kabisa na ikweta, lakini usiku wake hudai blanketi zito. Joto la wastani la Eldoret ni kama nyuzi 17, na mkulima akipanda mpira wa Hevea pale Ngeria au Megun atapata kuni tu, tena baada ya kungoja miaka mingi.

Lakini kuna mmea mwingine unaotoa mpira ule ule, na wenyewe unapenda baridi. Ni jamii ya dandelioni.

Wakazi wengi wa nyanda za juu wameiona dandelioni bila kuijali. Ya kawaida ni gugu la nyasi fupi: majani yenye meno yaliyolala chini kama duara, ua la manjano juu ya bua tupu, halafu kichwa cheupe cha mbegu ambazo watoto huzipuliza. Ukilivunja bua lake, utomvu mweupe hutoka na kunata vidoleni, na baada ya muda hugeuka rangi ya kahawia. Wanaoijua mchunga, ile mboga chungu ya pwani, wameshauona utomvu wa aina hiyo. Mimea hiyo miwili ni ya ukoo mmoja. Utomvu mweupe hupatikana kwa maelfu ya mimea duniani, na zaidi ya 2,000 kati yake ina mpira ndani. Tofauti ni kiasi na ubora. Dandelioni ya kawaida inayoota kando ya ua ina mpira kidogo sana, na yeyote anayemwambia mkulima wa Kapseret aanze kuichimba ili auze anampotosha.

Inayotafutwa ni binamu yake kutoka Kazakhstan, ambayo wataalamu huiita Taraxacum kok-saghyz. Kwa macho ni vigumu kuitofautisha na ile ya kawaida. Ni ndogo zaidi, na majani yake yana rangi ya kijivu-kijani. Mali yake iko chini ya udongo. Mzizi wake ukikaushwa kisha ukavunjwa polepole, vipande viwili haviachani. Nyuzi nyeupe nyembamba hubaki zimeviunganisha, zikivutika na kurudi. Nyuzi hizo ni mpira uliokwisha kuganda wenyewe ndani ya mishipa ya utomvu. Katika mizizi iliyokauka, mpira huwa chini ya asilimia 5 kwa mimea dhaifu, na hupita asilimia 15 kwa ile bora.

Wakazi wa mabonde ya milima ya Tien Shan walikuwa wakitafuna mizizi hiyo kama ubani tangu zamani. Wanasayansi wa Kisovieti waliifikia mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1931 Stalin alikuwa ametangaza kwamba nchi yake ina kila kitu isipokuwa mpira, na kwamba upungufu huo lazima uishe. Wataalamu wa mimea wakatawanywa kila kona ya dola, wakipekua mimea yenye utomvu kwa mamia. Dandelioni hii ilipatikana katika mabonde yaliyo kwenye mwinuko wa takribani mita 1,800 hadi 2,100, na mtaalamu Leonid Rodin akaipa jina la kisayansi. Miaka kumi baadaye, mwaka 1941, inakadiriwa kwamba Wasovieti walikuwa na hekta 67,000 za dandelioni mashambani, na zilikuwa zikitoa karibu theluthi moja ya mpira uliotumika nchini humo.

Kisha vita vikaifanya dandelioni kuwa jambo la kufa na kupona. Mapema mwaka 1942 Japani iliiteka Malaya, Singapore na visiwa vya Indonesia ya leo, na kwa mkupuo huo nchi zilizopigana nayo zikapoteza karibu asilimia 90 ya mpira wa asili wa dunia. Marekani iliomba mbegu za dandelioni kutoka kwa Wasovieti na kuzijaribu katika majimbo mengi. Mjini Philadelphia wataalamu wa serikali wakatengeneza njia ya kuutoa mpira kwa vinu vinavyozunguka vikiwa na mawe ndani. Ujerumani nayo iliiba mbegu na maarifa kutoka maeneo ya Kisovieti iliyoyavamia. Mwaka 1943 Heinrich Himmler, mkuu wa SS, alikabidhiwa usimamizi wa mpira wote wa mimea, na katika kijiji cha Rajsko, karibu na kambi ya Auschwitz, wafungwa wanawake walilazimishwa kufanya utafiti na kulima dandelioni hizo.

Historia ya mpira imejaa kazi za kulazimishwa, na Afrika Mashariki na Kati inaijua vizuri mno. Katika Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, kati ya 1885 na 1908, watu walikatwa mikono na vijiji vikachomwa kwa sababu ya mpira wa mitambaazi ya porini. Pwani ya Waswahili nayo ilikuwa na mitambaazi ya jamii hiyo, ndugu wa mibungo ambayo matunda yake bado huuzwa sokoni. Mmojawapo una jina la kisayansi la Landolphia kirkii, kwa heshima ya John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar. Wajerumani walipoitawala Tanganyika walipanda mti mwingine, mpira wa Ceará, ambao ni jamaa wa muhogo, katika maeneo ya Tanga na kwingineko. Mwaka 1913 bei iliporomoka kwa sababu ya mpira wa Asia, na mashamba hayo yakaachwa yamee vichaka. Vita Kuu ya Pili ilipofika, Waingereza wakayarudia mashamba yale yale ya zamani huko Tanganyika na kuwapeleka vibarua kwa amri ya serikali. Katika Kongo ya Ubelgiji wanakijiji waliongezewa siku za kazi za lazima hadi 120 kwa mwaka, na mpira wa porini ulikuwa mojawapo ya mazao waliyodaiwa. Wakati huo huo askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika walikuwa Burma wakipigana na Wajapani.

Amani iliporudi, dandelioni ilisahaulika haraka. Mashamba ya Asia yalifunguka tena, viwanda vya mpira wa petroli vilikuwa vimekua, na hakuna aliyetaka kuchimba mizizi midogo matopeni. Wasovieti waliendelea kidogo, nao wakaacha katika miaka ya 1950. Mbegu nyingi zilizochaguliwa kwa miaka ishirini zikapotea, na watafiti wa karne hii walilazimika kurudi Kazakhstan kukusanya upya.

Kwa nini warudi? Kwa sababu mti wa Hevea uko hatarini kuliko watumiaji wa mpira wanavyodhani. Dunia huzalisha takribani tani milioni 14 za mpira wa asili kwa mwaka, sehemu kubwa sana ikitoka Asia ya Kusini-Mashariki, Thailand na Indonesia zikiongoza. Kwa Afrika kinara ni Côte d'Ivoire. Sehemu kubwa ya miti ya Asia imetokana na miche michache iliyoota kutoka kwa mbegu ambazo Mwingereza Henry Wickham alizichukua Brazili mwaka 1876, kwa hiyo miti hiyo inafanana mno kwa damu. Huko kwao Amerika ya Kusini, mti huu hushambuliwa na ugonjwa wa kuvu wa majani ambao uliyaua mashamba makubwa ya Henry Ford katika Amazoni, pale Fordlandia, yaliyoanzishwa 1928. Kuvu huyo hajafika Asia wala Afrika. Akifika, hakuna aliye na jibu la haraka, maana mti mpya wa Hevea huchukua miaka sita au saba kabla ya kugemwa kwa mara ya kwanza. Indonesia tayari imehangaishwa na ugonjwa mwingine wa kupukutisha majani tangu mwishoni mwa miaka ya 2010. Umoja wa Ulaya, kwa upande wake, ulipitisha mwaka 2023 sheria ya kuzuia mazao yanayotokana na ukataji wa misitu, na mpira umo katika orodha hiyo.

Dandelioni haina haja ya kukata msitu. Inapandwa kwa mbegu, inang'olewa ndani ya mwaka mmoja, na bei ikipanda ghafla eneo linaweza kuongezwa msimu unaofuata.

Ujerumani ndiko kazi imefika mbali zaidi. Profesa Dirk Prüfer wa Chuo Kikuu cha Münster na Taasisi ya Fraunhofer, pamoja na mwenzake Christian Schulze Gronover, walianza kwa kuuliza kwa nini utomvu wa dandelioni huganda mara tu mmea unapokatwa. Walikipata kimeng'enya kinachosababisha hali hiyo, na walipokizima katika mimea ya maabara, utomvu ukaendelea kutiririka. Mimea inayopelekwa mashambani, hata hivyo, huzalishwa kwa njia ya kawaida ya kuchagua na kupandanisha. Kampuni ya matairi ya Continental iliungana nao, ikajaribu matairi ya kwanza ya gari mwaka 2014, ikafungua maabara yake huko Anklam, kaskazini mashariki mwa Ujerumani, mwaka 2018, na mwaka 2019 ikaanza kuuza tairi la baiskeli lililotengenezwa kwa mpira wa dandelioni. Prüfer, Schulze Gronover na Carla Recker wa Continental walifika fainali ya tuzo kubwa ya teknolojia ya Rais wa Ujerumani mwaka 2021. Tairi la baiskeli ni mwanzo mdogo, lakini ni bidhaa ya dukani, na mtu hulipa pesa yake na kuliendesha barabarani.

Afrika Mashariki ina uhusiano wake wa zamani na kampuni hiyo. Kiwanda cha General Tyre mjini Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1969, kilimilikiwa na serikali ya Tanzania pamoja na wabia wa kigeni, na Continental ikawa mbia baada ya kuinunua General Tire ya Marekani mwaka 1987. Kiwanda hicho kilihusishwa na mashamba ya Hevea ya Kihuhwi, wilayani Muheza, na Kalunga, mkoani Morogoro, ambayo baadaye yalikuja kusimamiwa na Shirika la Maendeleo la Taifa. Mitambo ya Arusha ilinyamaza mwishoni mwa miaka ya 2000. Nairobi nayo ilikuwa na kiwanda cha Firestone, kilichokuja kujulikana kwa matairi ya Yana chini ya Sameer. Uzalishaji wake ulisitishwa mwaka 2016. Tangu hapo lori linalobeba mahindi ya Uasin Gishu, matatu ya Langas na pikipiki ya boda boda hutegemea zaidi matairi yanayotoka nje. Tairi likishaisha kabisa, mafundi wa jua kali hulikata akala, kamba za kufungia mizigo na bawaba za milango, kwa ustadi ambao viwanda vikubwa vingeuonea wivu.

Marekani imeelekeza macho yake kwenye ndege. Mwaka 2022 kampuni ya Goodyear ilitangaza mradi wa miaka kadhaa na kampuni ya Farmed Materials ya jimbo la Ohio, kwa msaada wa Wizara ya Ulinzi, wa kulima dandelioni na kutengeneza kwa mpira wake matairi ya ndege za kijeshi, yatakayojaribiwa na maabara ya Jeshi la Anga. Wanajeshi wanakumbuka mwaka 1942. Katika jimbo hilo hilo Chuo Kikuu cha Ohio State kimeitafiti dandelioni hii kwa miaka mingi, kazi iliyowahi kuongozwa na Profesa Katrina Cornish. Kwa maeneo makame zaidi kuna mmea mwingine, guayule, kichaka cha jangwa la Mexico ambacho Bridgestone imewahi kukilima Arizona. Huo ungefaa kuulizwa habari zake Baringo au Turkana, siyo Kapseret.

Je, dandelioni ya Kazakhstan ingekubali Kapseret? Mwinuko unalingana kwa namna ya kushangaza: mabonde ilikotoka yako karibu na kimo kile kile cha uwanja wa ndege wa Eldoret. Mvua ya Uasin Gishu, inayopita milimita 1,000 kwa mwaka, inatosha. Joto halizidi. Lakini mwinuko peke yake haufanyi mahali pawe sawa. Huko Tien Shan siku za kiangazi ni ndefu mno, na majira ya baridi huugandisha udongo. Mimea mingi ya jamii hii huhitaji baridi hiyo ili ichanue vizuri na kutoa mbegu, na baridi pia huchochea mpira kuongezeka mzizini. Kapseret siku ina saa 12 mwaka mzima, na udongo haugandi kamwe. Hapo ndipo jaribio la kwanza lingelenga: kupanda aina kadhaa, kuzing'oa kwa miezi tofauti, kukausha mizizi na kupima mpira wake.

Shida ya pili ni magugu, na hapa mkulima wa Kapseret hahitaji maabara kuielewa. Gramu moja ya mbegu za dandelioni hii ina mbegu zaidi ya 2,000. Mche wake hutoka mdogo, hukua polepole kwa wiki nyingi, na hulala chini kabisa, kwa hiyo kila kinachoota kando yake huunyima mwanga. Katika shamba la mahindi, palizi mbili na dawa ya magugu humaliza kazi. Katika dandelioni, dawa nyingi za kuua magugu ya majani mapana huiua na yenyewe, na palizi ya mkono kwa mimea midogo kiasi hicho ni gharama kubwa. Wazalishaji wa Ulaya na Marekani wamepambana na jambo hili kwa miaka mingi, kwa kupanda juu ya matuta na kutafuta aina zinazosimama wima.

Halafu kuna hesabu, na ni vizuri ifanywe waziwazi. Tuchukue mavuno ya kilo 200 za mpira kwa hekta, ambayo ni matarajio ya kiasi kwa mbegu za sasa. Kwa ekari ni kama kilo 80. Tukiuza kwa dola mbili kwa kilo, na dola moja ikiwa shilingi 130, ekari inaleta kama Sh21,000, kabla ya kutoa gharama. Mkulima wa Uasin Gishu anayevuna magunia 20 ya mahindi kwa ekari na kuyauza kwa Sh3,500 kila moja anapata Sh70,000. Kwa mbegu za sasa na kwa mpira peke yake, dandelioni inashindwa na mahindi, na pengo ni kubwa. Wazalishaji wa mbegu wanalenga tani moja kwa hekta. Wakifika huko ekari italeta zaidi ya Sh100,000, na mazungumzo yatabadilika.

Tena mzizi una kitu kingine. Robo yake au zaidi, ukishakauka, ni inulini, aina ya wanga unaoyeyuka katika maji moto. Inulini huwekwa katika vyakula kama nyuzinyuzi, na inaweza kuchachushwa ikawa spiriti. Kiwanda kinachosaga mizizi kwa ajili ya mpira hupata inulini mara kadhaa zaidi kwa uzito kuliko mpira wenyewe. Watafiti wengi wanaamini kwamba bila kuiuza inulini, kiwanda cha dandelioni hakitasimama, na hoja yao ina nguvu.

Kuhusu ukubwa, pasiwe na ndoto. Kutoa tani milioni 14 kwa mavuno ya kilo 200 kwa hekta kungehitaji hekta milioni 70, na Kenya nzima, pamoja na milima, maziwa na jangwa, haifiki hekta milioni 60. Dandelioni haiwezi kuuondoa Hevea. Inaweza kuwa akiba ya dunia na kuzipa nchi za baridi mpira wao wenyewe, hasa kwa kazi ambazo mpira wa petroli hauziwezi, kama lile tairi linalofuka moshi pale Kapseret.

Kenya haikosi uzoefu wa zao la namna hii. Pareto ni ua la jamii moja na dandelioni, lilitoka Dalmatia, likafika nyanda za juu za Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Kabla ya vita Japani ndiyo iliyokuwa ikiongoza kwa pareto duniani. Japani ilipoingia vitani, majeshi yaliyokuwa yakipambana na mbu na chawa yaligeukia Kenya. Kwa miongo mingi baada ya hapo Kenya ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya pareto ya dunia, kutoka Molo, Nyandarua, Kisii, hadi miinuko ya Elgeyo Marakwet, jirani kabisa na Uasin Gishu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mavuno yalifika takribani tani 18,000 za maua makavu kwa mwaka. Miaka ishirini baadaye yalikuwa tani mia chache tu. Udongo haukubadilika, wala wakulima hawakusahau kulima. Malipo yalichelewa miezi, kisha miaka, na watu wakang'oa pareto wakapanda viazi na mahindi. Wanunuzi wa dunia wakahamia Tasmania, Australia, ambako kulikuwa na mashine, mbegu bora na mikataba iliyoheshimiwa.

Kwa hiyo anayeitaka dandelioni ije nyanda za juu hana budi kuanza na kiwanda na malipo kabla ya mbegu. Mizizi iliyokauka ni mizito na bei yake kwa kilo ni ndogo. Kuisafirisha mbali hakulipi. Kiwanda cha kusagia lazima kiwe karibu na shamba, na lazima kijue nani atanunua mpira na nani atanunua inulini. Mkulima mwenye ekari mbili Kipkenyo, ambaye mwaka mmoja mahindi yake yaliliwa na viwavijeshi na mwaka mwingine soko likaanguka, hana nafasi ya kulima kwa ahadi.

Utafiti, kwa upande mwingine, unaweza kuanza bila kumhatarisha mkulima yeyote. Mbegu zingeingia kwa kibali cha KEPHIS, shirika la kukagua afya ya mimea, na kukaa kwanza karantini, maana mmea wenye mbegu zinazoruka na upepo hauletwi ovyo katika nchi ya ng'ombe wa maziwa. Chuo Kikuu cha Eldoret kina masomo ya kilimo na kiko kaunti hiyo hiyo ya Uasin Gishu, na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, ina vituo vya nyanda za juu. Shamba la robo ekari, lililotiwa chokaa kama wakulima wa Uasin Gishu wanavyoshauriwa kwa sababu udongo wao umechachuka kwa mbolea ya miaka mingi, lingetosha kwa misimu miwili ya kwanza. Kipimo cha kwanza kingekuwa uzito wa mpira katika kilo moja ya mizizi mikavu iliyokua bila theluji, kwa saa 12 za mwanga.